Tangazo Lililofika Biryogo

Magazeti ya Dar es Salaam yalitufikia Kigali yakiwa na umri wa wiki mbili, wakati mwingine tatu, yamekunjwa nyuma ya kiti cha lori na yananuka dizeli. Aliyeyaleta alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, dereva wa malori ya mizigo. Tangu vita vianze kaskazini mwishoni mwa mwaka 1990, njia ya kupitia Uganda ilikuwa haiaminiki tena, na vitu vingi tulivyotumia vilitoka bandari ya Dar es Salaam na kuingia nchini kwa daraja la Rusumo. Mjomba alibeba saruji, sabuni na mabati. Magazeti aliyaongeza kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa nimemaliza shule na nimekaa nyumbani bila kazi ya maana, na alimwambia mama kwamba msichana anayejua kusoma asipopewa cha kusoma ataanza kuwasoma majirani.

Nilikuwa na miaka ishirini. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la nyumba yetu, Biryogo, mtaa ambamo Kiswahili kilisikika kuliko mahali pengine popote mjini. Yeye alikata na kushona. Mimi nilikunja pindo, nilitia vifungo na kupiga pasi ya mkaa. Juu ya rafu ya vitambaa palikuwa na redio. Saa ya taarifa ya habari kwa Kiswahili ilipofika, Baba aliondoa mguu kwenye pedali, na wapita njia nao wakasimama. Redio ilituambia habari za vita, vyama vipya, mawaziri walioingia na waliotoka. Ilipomaliza wapita njia waliendelea na safari zao. Kisha Baba alikanyaga pedali na kazi ikaendelea.

Magazeti yalikuwa jambo jingine. Alasiri ya siku lori lilipofika, baraza letu lilijaa. Nilianza na ukurasa wa mbele kwa heshima, na watu walisikiliza kwa heshima hiyohiyo, lakini wote walikuwa wakingoja kurasa za ndani, zile za habari za mitaa ya pwani: timu gani ya Ilala imemfukuza kocha, kikundi gani cha taarabu kimegawanyika vipande viwili na kila kipande kinadai jina, shule gani imepata madawati. Wengi wetu hatukuwahi kuiona bahari, lakini tuliujua mji ule kama watu wanaoishi uani kwake. Kwa miezi miwili tulifuatilia bomba la maji lililopasuka Magomeni. Gazeti lililoeleza kama bomba lile lilizibwa halikutufikia, na mwalimu wa shule ya msingi aliyeishi ng'ambo ya barabara aliniuliza habari zake kila tulipokutana, kana kwamba ni mimi niliyelipasua.

Msikilizaji mkubwa kuliko wote alikuwa Bibi wa nyumba ya pili. Hakuwa bibi yangu wa damu, ila mtaa mzima ulimwita Bibi. Alizaliwa Dar es Salaam, akaolewa na mpishi, na mume wake alipopata kazi kwa mfanyabiashara mmoja Mgiriki huku Ruanda, wakati wa Wabelgiji, alimfuata. Walipanda treni hadi Kigoma, wakavuka ziwa hadi Usumbura, Bujumbura ya leo, wakamalizia juu ya gari la mizigo. Mume alikuwa amefariki zamani. Watoto hawakujaaliwa. Bibi aliishi kwa kufuma kofia za vito, zile zenye matundu madogo madogo ya nakshi, na kusahihisha Kiswahili chetu.

Kwa kweli kilihitaji kusahihishwa. Sisi tulisema "iko" kwa kila kitu. Iko mvua, iko mtu, iko chai. Na herufi ya "r" na ya "l" zilibadilishana viti midomoni mwetu kama wageni kwenye harusi.

"Mama, iko mgeni wako mlangoni," Baba alimwambia Bibi siku moja.

"Mgeni yuko mlangoni," alijibu bila kuinua macho kwenye kofia yake. "Ukisema iko, nitadhani umeniletea meza."

Ilikuwa katika kiangazi cha mwaka 1992. Nilikuwa nimemaliza habari za mpira, na watu wameanza kuinuka, nikasema bado kuna matangazo madogo. Nilisoma la cherehani inayouzwa, la mganga, la baiskeli iliyopotea. Kisha nikasoma tangazo la mtu anayetafutwa. Mama mmoja wa Temeke alikuwa akimtafuta dada yake mkubwa, aliyeondoka kwa treni ya Kigoma zaidi ya miaka thelathini iliyopita pamoja na mume wake mpishi, wakielekea Ruanda au Urundi. Jina lilikuwa la kawaida. Mtaani kwetu peke yake walikuwapo wanawake watatu wa jina hilo. Lakini tangazo liliendelea: "Ni mfupi, mweusi, ana mwanya, anajua kufuma kofia, na ni mwepesi wa hasira."

Nilipofika kwenye kofia nilikuwa nimeshaelewa, ila mdomo ulikuwa mbele ya akili na nikaisoma sentensi hadi mwisho.

Watu wote walimtazama Bibi. Sindano yake ilikuwa imesimama.

"Nani mwepesi wa hasira?" aliuliza.

Mwalimu alitazama viatu vyake.

"Na mimi si mfupi," alisema. Alikusanya nyuzi zake, akatia kofia kwapani, akaenda nyumbani kwake na kufunga mlango.

Siku tatu hakuja barazani. Mama alimpelekea uji, akarudi akasema amepokelewa vizuri lakini tangazo lisitajwe. Siku ya nne, asubuhi, nilipokuwa nikiwasha mkaa wa pasi, nilimwona amesimama pembeni yangu, amevaa kanga safi.

"Mjukuu wangu, soma tena lile."

Nilileta gazeti, nikasoma. Nilipokaribia mwisho nilitaka kuruka, akanishika mkono. "Soma lote." Nikasoma lote. Akakaa kwenye kigoda cha Baba.

"Ni yeye," alisema. "Huyu ni mdogo wangu. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angelipia tangazo ili anitukane."

Ndipo akanieleza. Siku ya kuondoka kwao, mdogo wake hakutokea stesheni. Walikuwa wamekubaliana waagane pale, na Bibi alikaa dirishani akitazama umati mpaka treni ilipoanza kwenda. Alipofika Kigali alituma barua moja, hakupata jibu, na kwa hasira hakutuma ya pili. Miaka ikapita juu ya miaka. Alikuwa akisikiliza magazeti yangu, aliniambia, ili asikie kama mdogo wake amekufa. Matangazo ya vifo ndiyo aliyokuwa akiyangoja wakati sisi tunacheka habari za taarabu.

"Sasa, iko hai," nilimwambia, na machozi yalikuwa yananilenga.

"Yuko hai," alisema Bibi.

Tuliandika barua siku ileile. Yeye alisema, mimi nikaandika. Alianza kwa salamu ndefu, akaendelea kwa kueleza kwamba yeye si mfupi na hajawahi kuwa mfupi, akamalizia kwa maneno manne: "Mimi hapa. Nipo Kigali." Mjomba aliichukua barua kwenye safari iliyofuata. Alipewa pia maelezo ya kutambua nyumba ya Temeke kama ilivyokuwa zaidi ya miaka thelathini nyuma, pamoja na mnazi uliokuwa umeinamia paa, nayo akayasikiliza kwa uvumilivu mkubwa.

Tangu siku ile Baba hakushona kwa amani. Kila aliyepita aliuliza: jibu limefika? Wauza maziwa waliuliza, wanafunzi wa madrasa waliuliza, mama mmoja Mrundi, Mkatoliki, aliyeuza viazi karibu na soko la Nyamirambo alipandisha kilima makusudi ili aulize. Baba alichoka kujibu. Akachukua kipande cha mbao cha mlango wa zamani, akakipaka rangi nyeusi, akakitundika ukutani na kunipa chaki.

"Andika: jibu bado."

Niliandika. Kesho yake watu walikuja kusoma, wakakuta maneno mawili yaleyale, wakaonekana kama watu waliodhulumiwa. Ubao ulikuwa mkubwa na maneno yangu yalikaa pembeni. Basi chini yake niliongeza kwamba mke wa muuza mkaa amejifungua mapacha, na kwamba bomba la chini ya msikiti lina maji tangu alfajiri. Kufika adhuhuri foleni ya ndoo ilikuwa imefika kwenye kona, na muuza mkaa alikuwa amepongezwa na watu asiowajua.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Kila asubuhi nilifuta ubao kwa kitambaa chenye maji na kuandika upya. Juu niliweka habari moja ya nchi, ile ambayo redio imeitaja na kila mtu keshaisikia: mazungumzo ya amani yanaendelea Arusha, bei ya sukari imepanda. Chini yake niliandika mambo ya mtaa. Harusi, matanga, mechi, kondoo mweusi aliyeonekana bila mwenyewe, saa ya chanjo ya watoto. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Bibi: jibu bado.

Wiki ya pili alikuja mkuu wa seli, kiongozi wetu wa mtaa, mtu mpole aliyevaa koti hata kwenye jua. Alisoma ubao kuanzia juu hadi chini huku midomo ikicheza.

"Mambo ya vyama iko hapa?" aliuliza.

"Hapana, mzee."

"Basi, sawa." Alisoma tena. "Andika kwamba Jumamosi tunazibua mtaro wa barabara ya chini. Kila nyumba mtu mmoja na jembe."

Jumamosi ile walitokea watu wengi kuliko majembe. Mkuu wa seli alinipa mkono mbele ya wote, na nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyechaguliwa bungeni.

Jibu lilifika mwezi wa tisa. Mjomba hakusubiri kupumzika; alishuka kwenye lori kule Gikondo, kwenye maghala ya forodha, akapanda kwa miguu mpaka kwetu akiwa na bahasha kifuani. Bibi aliniambia niisome polepole. Mdogo wake aliandika kwamba amepokea barua, ameilia siku nzima, na sasa amemaliza kulia. Mume wake amefariki, watoto wake wakubwa. Hakupata ile barua ya kwanza kamwe. Alisema anakuja Kigali kabla ya mwaka kwisha, na kama dada yake amerefuka tangu alipomwona mara ya mwisho, atafurahi kujionea kwa macho yake.

Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, na nadhani hata Baba hakuwahi, maana alisimama na sindano mdomoni akamtazama.

Ilikubaliwa kwamba mgeni atasafiri na mjomba kwenye lori. Watoto wake walipinga, mjomba mwenyewe alipinga, akisema barabara haifai kwa mtu wa umri wake. Yeye alijibu kwamba dada yake alisafiri juu ya gari la mizigo na hakufa. Mwezi wa kumi na moja, wakati mvua zimeshika, dereva mwingine aliyetangulia Kigali alileta ujumbe kutoka kwa mjomba: wametoka Dar es Salaam salama, Alhamisi wanafika.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la uandishi. Sikuuliza dereva yule aliachana nao wapi, wala hali ya njia. Nilichukua chaki ya rangi, nikaandika kwa herufi kubwa ubaoni: "ALHAMISI SAA NANE MGENI WA BIBI ANAFIKA KUTOKA DAR ES SALAAM. WOTE MNAKARIBISHWA KWENYE KALAMU."

Bibi hakuuona ubao siku ile kwa sababu alikuwa akipiga chokaa chumba cha mgeni. Mtaa wote ukausoma. Alhamisi saa nane watu walikusanyika, wamevaa nguo za Idi. Mwalimu wa ng'ambo alikuja na kalamu tano zimepangwa kwenye mfuko wa shati. Wanafunzi wake waliingia nyuma yake mstari mmoja, kila mmoja na kalamu mkononi, na mama Mrundi wa viazi, aliyekuwa ameshawishiwa, alichomeka penseli kwenye kilemba.

"Tumeitika mwaliko," mwalimu alisema kwa sauti nzito. "Hizi hapa kalamu."

Bibi alitoka, akasoma ubao, akafunga macho.

"Karamu," alisema. "Karamu, mjukuu wangu. Kwa miaka yote hii nimefanya kazi gani hapa?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nilicheka, ingawa masikio yalikuwa yakiwaka moto. Pilau ilikuwa tayari kwenye masufuria mawili makubwa, mishikaki imepangwa. Tukangoja. Saa tisa, saa kumi. Saa kumi na moja mvua ilianza kudondoka, na bado hapakuwa na lori wala habari yake. Kicheko kiliisha chenyewe. Nilijificha nyuma ya mlango, nikitamani kuufuta ubao kwa mikono yangu. Nilikuwa nimeuambia mtaa mzima jambo nisilolijua.

Bibi alinikuta pale. Nilidhani atanigombeza, na ningeshukuru.

"Toka ukapakue," alisema. "Wali ukipoa hapa hautamleta."

Watu walikula. Walikula kwa adabu mwanzoni, kama kwenye msiba, kisha mishikaki ikawachangamsha. Waliondoka wakimwambia Bibi kwamba mgeni atafika tu, na yeye alimjibu kila mmoja: "Inshallah." Usiku ule sikusikia mlango wake ukifungwa. Ijumaa niliandika ubaoni: "Mgeni hajafika. Mwandishi anaomba radhi." Jumamosi hapakuwa na habari. Redio ilizungumzia mapigano na ilizungumzia mazungumzo, na mara ya kwanza niliona Bibi akiisikiliza kwa mikono miwili imeshikana.

Jumapili ilikuwa siku ya mechi. Timu ya mtaa wetu ilicheza na timu ya upande wa Gitega kwenye uwanja wa Nyamirambo, na mtaa mzima ulihamia huko, hata mkuu wa seli na koti lake. Barazani tulibaki mimi na Baba, aliyekuwa na suti ya bwana harusi wa Jumatatu. Bibi alikuwa uani kwake akisugua yale masufuria mawili, amejifunga kanga iliyochanika, nywele zimesimama.

Kiasi cha saa tisa nilisikia mlio wa injini. Lori zima, lenye tope mpaka kwenye vioo, lilikuwa likipanda barabara yetu nyembamba ambako lori halikuruhusiwa. Mjomba alikuwa nyuma ya usukani, macho mekundu. Utingo alikuwa amening'inia mlangoni. Katikati yao alikaa mama mfupi sana, mweusi, amevaa buibui, anatazama mbele kama nahodha.

"Siku mbili tulizama kwenye tope baada ya Kahama," mjomba alisema kabla hata ya salamu. "Huyu mama alishuka akatupanga. Malori matatu yalitoka kwa amri yake. Sasa simama hapo, usije ukamwonyesha njia, anaijua."

Yule mama alishuka kwa msaada wa utingo, akajifuta uso kwa ncha ya buibui, akaniuliza: "Yuko wapi?"

Nilinyoosha mkono tu. Akapita kwenye ukumbi wa nyumba ya pili hadi uani, nami nikamfuata nyuma, Baba nyuma yangu na mkono wa suti begani.

Bibi aliinua kichwa, jivu limemjaa hadi kwenye viwiko. Wakatazamana. Walikuwa na mwanya uleule na kimo kilekile. Nilitegemea vilio. Bibi aliweka chini kifuu alichokuwa akisugulia.

"Mbona hukuja stesheni?" alisema.

"Nilikuja," alijibu mdogo wake. "Treni ilikuwa imeshatoka. Nilipitia kukununulia kashata za safari, na yule muuzaji alikuwa hana chenji."

"Kashata za nazi?"

"Za nazi. Nilizila zote njiani kurudi nyumbani, huku nalia."

Bibi alisimama. Alitaka kufuta mikono kwenye kanga, akaona kanga yenyewe ilivyo, akaacha. Mdogo wake alimfuata pale alipo na kumkumbatia na jivu lake lote, na buibui jeusi likawa na alama za mikono mgongoni. Hapo ndipo walipolia, na Baba akalia nao, akijifuta kwa mkono wa suti ya mtu.

Hawakuwa hata wamekaa tulipoanza kusikia ngoma. Mechi ilikuwa imekwisha na timu yetu ilikuwa imeshinda. Mtaa mzima ulikuwa unarudi kutoka uwanjani, mamia ya watu, wanaimba, wanapiga madebe, wanapunga matawi ya mikaratusi, na mbele yao mwalimu amebebwa mabegani bila sababu yoyote ninayoijua. Walipoliona lori lenye tope mbele ya nyumba walielewa mara moja. Wimbo wa timu ukageuka hapohapo ukawa wimbo wa mgeni. Vigelegele vilijaa barabara toka huku hadi msikitini.

Mgeni alitoka mlangoni na kusimama kwenye ngazi. Akautazama umati ule, matawi yale, ngoma zile. Akaweka mkono kifuani.

"Wote hawa wamekuja kwa ajili yangu?" alimuuliza dada yake.

Bibi aliwatazama watu, akamtazama mdogo wake, akanitazama mimi. Katika maisha yake yote sikumsikia akisema uongo isipokuwa siku ile.

"Tangu Alhamisi wanakungoja," alisema. Hata huo, ukiufikiria, haukuwa uongo mzima.

Mgeni alikaa nasi hadi baada ya Idi. Asubuhi aliamka kabla ya dada yake na kubishana naye juu ya kila kitu: kiasi cha hiliki kwenye chai, jina la jirani wa zamani, nani kati yao aliyevunja mtungi wa mama yao. Jioni alikaa barazani na kusikiliza nikisoma magazeti ya mji wake. Siku ya kwanza mwalimu alisogeza kiti karibu naye, akamuuliza kuhusu bomba la Magomeni.

"Lilizibwa siku ya tatu," mgeni alisema, akishangaa. "Kwa nini?"

Mwalimu aliegemea ukuta na kushusha pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Katika mwezi wa nane wa mwaka 1993, baada ya mkataba wa amani kutiwa saini na mji kupumua kidogo, Bibi naye aliondoka kwenda kumtembelea mdogo wake. Alisema miezi mitatu. Mtaa ulimsindikiza hadi kwenye lori, na alitoa maagizo kwa kila mtu kana kwamba anakwenda sokoni. Mimi aliniambia niuangalie ubao na herufi zangu. Miezi mitatu iliongezeka ikawa sita, kwa sababu kulikuwa na mjukuu wa kuozwa, na baada ya harusi kulikuwa na mwingine wa kuzaliwa. Mwezi wa nne wa mwaka 1994 ulipofika na mauaji yakaanza nchini kwetu, Bibi alikuwa Temeke. Yaliyotupata sisi tuliobaki sitayaandika hapa. Nimeyaandika pengine, na yatakaa huko.

Mwaka uliofuata nilipata safari na mjomba, nikaenda Temeke kwa Bibi na mdogo wake. Niliwakuta wawili wamekaa kwenye mkeka mmoja wanachambua mchele. Siku ya kwanza hawakuniuliza lolote; walinipikia, wakanilaza. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Bibi aliweka ungo pembeni.

"Haya, mjukuu wangu. Nipe habari za mtaa."

Nikaanza na waliokuwa hai. Baba yuko, nikasema. Mama yuko. Mwalimu yuko, amerudi kufundisha. Mama wa viazi yuko. Watu wa mtaa walimficha. Niliendelea nyumba kwa nyumba, kuanzia msikitini hadi barabara ya chini, na kila jina Bibi alinitaka nilirudie mara mbili, na mara ya pili mdogo wake alilitaja pamoja nami, mpaka mchele ule wote ukapitwa na saa ya kupikwa na hakuna aliyejali.